Sayari Zinapopita Utosini: Darubini Ndogo Uani Malindi

Maelekezo mengi ya kutumia darubini yameandikwa na watu wanaoishi mbali sana kaskazini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo yanamfaa msomaji anayezitazama sayari zikipita chini upande wa kusini, karibu na mapaa ya jirani, katika usiku wa baridi kali. Sisi wa Malindi tuko nyuzi tatu na kidogo tu kusini mwa ikweta. Anga yetu ina mpangilio mwingine, hewa yetu ina tabia nyingine, na hata muda kati ya jua kuzama na giza kuingia ni mfupi kuliko wanavyoueleza wao. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu wa pwani aliyenunua, au anayekusudia kununua, darubini yake ya kwanza, kwa kuwa ninaamini kwa dhati kwamba mahali tulipo panamfaidi mtazamaji wa sayari kuliko pesa nyingi atakazoongeza dukani.

Darubini yangu ni ya lenzi, yenye kipenyo cha milimita 70 na umbali wa fokasi (yaani kutoka kwenye lenzi hadi pale mwanga unapokusanyika) wa milimita 700, nayo imekaa juu ya stendi ya miguu mitatu inayogeuka kulia na kushoto, juu na chini, basi. Ilikuja na lenzi mbili za jicho, moja ya milimita 25 na nyingine ya milimita 10. Hesabu ya ukuzaji ni nyepesi: unagawanya umbali wa fokasi wa darubini kwa ule wa lenzi ya jicho, na kwa hiyo lenzi ya kwanza hukuza mara 28 na ya pili mara 70. Kwenye maboksi ya darubini za aina hii mara nyingi huandikwa kwa herufi kubwa kwamba zinakuza mara 525, nambari ambayo hupatikana kwa kuunganisha lenzi ya jicho ya milimita 4 na lenzi nyingine ya kuzidisha mara tatu. Hesabu yenyewe ni sahihi, ila mwanga hautoshi. Kanuni wanayoifuata watazamaji ni kwamba darubini huvumilia ukuzaji usiozidi takriban mara mbili ya kipenyo chake kwa milimita, kwa hiyo yangu haifai kuvushwa mara 140. Ukivuka hapo, sayari huongezeka ukubwa lakini hufifia na kuvurugika, na upepo mdogo wa baharini unaoigusa stendi unatosha kuifanya isitazamike. Mnunuzi asiulize darubini inakuza mara ngapi. Aulize kipenyo chake ni milimita ngapi na stendi yake ni imara kiasi gani.

Wazee wetu waliosoma falaki waliigawa njia ya jua katika buruji kumi na mbili, kuanzia Hamali hadi Hutu, na sayari zote hazitoki mbali na njia hiyo. Anayetaka kuijua angani anaweza kuanza na alama mbili ambazo watu wa pwani wengi wanazifahamu, yaani Kilimia, ambacho kiko kaskazini kidogo mwa njia ya jua, na nyota za Nge, ambazo sehemu yake ya mbele huigusa njia hiyo. Jua lenyewe, katika mzunguko wa mwaka, huenda nyuzi 23 na nusu hivi kaskazini mwa ikweta na kiasi hichohicho kusini, na sayari huifuata njia hiyo kwa tofauti ndogo. Matokeo yake kwetu ni makubwa. Mirihi (Mars), Mshtarii (Jupiter) au Zohali (Saturn) inapofika katikati ya anga ya Malindi, haiwezi kuwa chini ya takriban nyuzi 60 kutoka kwenye upeo wa macho, katika mwezi wowote wa mwaka wowote. Mtazamaji wa London hana bahati hiyo: sayari ikiwa katika buruji za kusini, kama Kausi, kwake haipandi zaidi ya nyuzi 15 hivi, na katika kimo hicho mwanga wake hupita katika hewa nene karibu mara nne kuliko ile ya utosini, yaani juu moja kwa moja. Hewa hiyo ndiyo inayoifanya picha icheze, ipauke na kuzungukwa na rangi zisizo zake. Kwetu sayari hupita juu, ambako hewa ni chache, na darubini ya milimita 70 iliyo Malindi huonyesha mambo ambayo darubini kubwa kuliko hiyo hushindwa kuyaonyesha huko kaskazini wakati sayari ziko chini.

Hata hivyo, neema hii ina masharti yake, na la kwanza linahusu stendi. Kuna stendi inayosifiwa sana na wauzaji, yenye mhimili ambao hutakiwa kuelekezwa kwenye ncha ya anga, mahali ambapo nyota zote huonekana kupazunguka, ili darubini iifuate nyota kwa kugeuzwa upande mmoja tu. Ni chombo kizuri kwa anayeishi kwenye nyuzi 40 au 50. Mhimili huo huinuliwa kwa kadiri ya latitudo ya mahali, na kwa Malindi maana yake ni kwamba unapaswa kulala karibu kabisa na ardhi, nyuzi tatu tu, ukielekea kusini. Stendi nyingi za bei nafuu hazikutengenezwa zishuke hadi hapo. Rafiki yangu wa Mambrui anayo ya aina hiyo, na tulipoilaza kwa nguvu, uzito wa kusawazisha uligonga mguu wa stendi kabla darubini haijafika ilikotakiwa. Ile Nyota ya Kaskazini inayotajwa katika kila kijitabu cha maelekezo pia haitusaidii, kwa kuwa kwetu iko chini ya upeo wa macho. Kwa sababu hizo mbili ninamshauri kila anayeanza katika mwambao huu, kuanzia Lamu mpaka Vanga, achukue stendi ya kawaida ya kugeuka pande mbili, au ile ya boksi la mbao inayokaa chini na kubeba darubini inayotumia kioo badala ya lenzi ya mbele, na pesa zinazosalia aziongeze kwenye kipenyo.

Sharti la pili ni utosi wenyewe. Darubini ya lenzi inapoelekezwa juu moja kwa moja, mkia wake hushuka katikati ya miguu ya stendi, lenzi ya jicho huwa karibu na goti la mtazamaji, na kugeuza kidogo upande wowote huwa kazi, kwa sababu karibu na utosi mzunguko mdogo wa sayari hudai mgeuko mkubwa wa stendi. Mnamo Septemba na Oktoba 2025 Zohali ilikuwa ikipita karibu sana na utosi wa Malindi, na wakati ambao vitabu vingeuita bora kuliko wote, yaani inapokuwa juu kabisa, ulikuwa mgumu kuliko wote kwa stendi ndogo. Dawa yake ni kutoingoja ifike huko. Anga husogea nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo sayari itakayopita utosini huwa kwenye nyuzi 60 saa mbili kabla, na kimo hicho kinatosha kabisa. Mimi hutazama mapema, kisha huiacha ipite utosini wakati wa chakula cha usiku, na nikipata nafasi huirudia inapoteremka upande wa magharibi. Kwa vyovyote kiti kiwe kifupi. Kibao cha mbuzi kinafaa kuliko kiti cha mezani.

Mwendo huo wa nyuzi 15 kwa saa ndio jambo la kwanza linalomshangaza mgeni akiweka jicho kwenye darubini, kwa kuwa sayari haitulii. Kwa lenzi ya milimita 10 huvuka uwanja wote wa kuonea kwa muda usiofika dakika tatu, kisha hutoweka ukingoni, na mtazamaji hana budi kuisukuma darubini polepole. Si sayari inayokimbia hivyo, ni Dunia inayozunguka nasi, na huku ikweta uso wake huenda kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, kasi isiyopatikana penginepo. Waitaliano walipochagua mahali pa kurushia roketi zao walikuja Ngomeni, mwendo mfupi kaskazini mwa mji wetu, kwa sababu roketi inayorushwa kuelekea mashariki karibu na ikweta hupewa msukumo huo bila gharama. Kutoka kwenye jukwaa la San Marco, lililosimama majini, ilirushwa tarehe 12 Disemba 1970 setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei zitokazo angani, ikaitwa Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Nikiisukuma darubini kumfuata Mshtarii, hufurahi kujua kwamba mwendo ninaopambana nao ndio uliowaleta watu wa sayansi hadi ufukweni kwetu.

Anayeanza namsihi aanze na Mshtarii, na adumu naye. Kwa lenzi ya milimita 25 ataona duara dogo jeupe lenye umanjano, na kando yake nukta nne, au tatu, au mbili, zilizojipanga katika mstari mmoja. Hiyo ni miezi yake mikubwa: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Galileo, mtaalamu wa nyota wa Italia, aliiona mitatu tarehe 7 Januari 1610, akaidhani ni nyota za kawaida, na ilipofika tarehe 13 alikuwa ameshaona wa nne na ameshatambua kwamba zinaandamana na sayari. Chombo chake bora kilikuza mara 20 hivi; darubini ya mwanafunzi wa leo inamzidi. Alichokuwa nacho Galileo ni subira ya kurudi usiku baada ya usiku na kuchora alichokiona, na hilo linawezekana kwa daftari la shule na kalamu ya risasi. Io huizunguka sayari kwa saa 42 na nusu hivi, kwa hiyo ukichora mara baada ya isha na kuchora tena kabla ya kulala, tayari itakuwa imehama. Callisto huchukua karibu siku 17, na huonekana kuchelewa huku wenzake wakipishana. Mwezi mmoja ukikosekana katika mchoro, ama uko mbele ya sayari, ama umepita nyuma, ama umeingia katika kivuli chake. Ni kwa kupima nyakati za Io kuingia na kutoka kivulini ndipo Ole Rømer, mtaalamu wa nyota wa Denmark, mwaka 1676, alipotambua kwamba mwanga una kasi yenye kikomo: Dunia ilipokuwa mbali na Mshtarii, matukio hayo yalionekana kuchelewa, kwa sababu mwanga ulikuwa na safari ndefu zaidi.

Kwa lenzi ya milimita 10, na kwa kusubiri, hutokea mikanda miwili ya rangi ya kahawia iliyofifia, sambamba na mstari wa miezi. Ninasema kwa kusubiri kwa sababu wengi hutazama kwa sekunde chache, wakasema hawaoni kitu, wakaondoka. Hewa hutulia kwa vipindi vifupi, na katika kipindi kimoja cha utulivu jicho hupata kitu ambacho halikukiona kwa dakika nzima iliyotangulia. Baada ya kuzoea utaona pia kwamba sayari si duara kamili, imebonyea kwenye ncha zake, kwa kuwa inajizungusha kwa muda usiofika saa 10 na kipenyo chake cha ikweta kinazidi kile cha ncha kwa zaidi ya kilomita 9,000. Lile Doa Jekundu maarufu, dhoruba kubwa ya Mshtarii, ni gumu kwa kipenyo cha milimita 70, na picha za intaneti zisimvunje moyo mtu asiyeliona. Na ajue kwamba kioo cha pembe kinachowekwa kabla ya lenzi ya jicho hugeuza kushoto kuwa kulia, jambo la kuandikwa pembeni mwa kila mchoro.

Zohali ndiyo inayowaita majirani. Shangazi yangu alipoitazama mara ya kwanza aliinua kichwa akaangalia mbele ya darubini, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hii ndiyo yenyewe, au ni picha umeibandika humo ndani?" Nilimwambia aiache isogee mpaka itoke ukingoni, na ilipotoka aliamini. Pete zake zimeinama kwa nyuzi 26.7, na kwa kuwa sayari hiyo hulizunguka jua kwa miaka 29 na nusu, sisi huziona zikifunguka na kufungika kwa utaratibu wa miaka mingi. Mnamo Machi 2025 Dunia ilivuka bapa la pete, yaani zilitugeuzia ukingo wake mwembamba, na kwa miezi kadhaa baadaye sayari ilionekana kama ushanga uliotungwa kwenye sindano. Galileo aliwahi kushangazwa na hali hiyohiyo: mwaka 1610 alidhani Zohali ni nyota tatu zilizogusana, na mwaka 1612 zile za pembeni zikatoweka. Ilibidi kungoja mpaka 1659, mtaalamu wa nyota wa Uholanzi, Christiaan Huygens, alipochapisha maelezo kwamba ni pete moja nyembamba isiyoigusa sayari popote. Aliyenunua darubini sasa amekuja wakati mzuri, kwa sababu pete zitaendelea kufunguka mwaka hadi mwaka mpaka karibu 2032, na michoro yake ya daftari itaonyesha mabadiliko hayo kwa mkono wake mwenyewe. Asiache kuutafuta Titan, mwezi ambao Huygens aliugundua mwaka 1655. Ni nukta hafifu iliyo mbali kidogo na pete, ambayo hurudi mahali pake baada ya siku 16.

Kuhusu Zuhura, kosa la kawaida ni kungoja giza. Sayari hii inang'aa mno, na ikisimama peke yake katika anga nyeusi mng'ao wake huficha umbo. Itazame mara tu jua linapozama, anga ikiwa bado na weupe, na ujiandae mapema kwa kuwa giza letu halina subira. Zuhura ina sura zinazobadilika kama za Mwezi, kwa sababu iko kati yetu na jua katika sehemu ya safari yake, na sura hizo hurudia mzunguko wake kila baada ya siku 584 hivi. Inapokuwa mbali nasi huwa ndogo na karibu duara. Inapotukaribia huwa kubwa na hukonda mpaka ikawa hilali. Mzee mmoja jirani yetu, aliyevua samaki umri wake wote na anayezijua nyota za kuongozea chombo kuliko mimi, alitazama hilali hiyo katika siku ambazo hapakuwa na mwezi angani, akasema, "Wallahi, na mwezi haujaandama bado." Nilimwambia, "Huo si mwezi, mzee. Ndiyo Zuhura uliyokuwa ukiifuata ukitoka pwani." Alirudi kutazama, akakaa muda mrefu, na tangu siku hiyo huja mwenyewe kila inapoonekana jioni.

Utaridi (Mercury), ambayo watu wengi wa nchi za kaskazini hawajapata kuiona, kwetu ni rahisi. Njia ya sayari husimama karibu wima kwenye upeo wetu wa macho, kwa hiyo katika siku zake nzuri Utaridi huzama zaidi ya saa moja baada ya jua, na huonekana kama nyota ya rangi ya samli upande wa nchi kavu. Alfajiri hutokea upande wa bahari, ambako hapana mti wala nyumba ya kuizuia. Lakini hapa pana onyo ambalo halina mzaha: darubini isielekezwe upande huo kabla jua halijazama lote, na asubuhi iondolewe kabla halijachomoza. Jua likiingia katika darubini isiyo na kichujio maalumu cha kufunika lenzi ya mbele, jicho huharibika papo hapo na haliponi. Kwangu mtoto haruhusiwi kuigusa darubini mchana bila mtu mzima, na kifuniko cha mbele hakitoki.

Taa za hoteli za ufukweni na za barabarani hazizuii kazi hii, kwa kuwa sayari zinang'aa vya kutosha kushinda mwanga wa mji. Kinachoiua darubini pwani ni chumvi na unyevu. Kuvu huota juu ya lenzi zilizofungiwa kabatini, na skrubu hupata kutu. Mimi huihifadhi katika ndoo ndefu ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na huvibadilisha vinapochoka. Vitabu vya kaskazini humwambia mtazamaji aiache darubini nje kwa muda mrefu ipoe. Kwetu nyumba na ua vina joto linalokaribiana, na darubini ndogo huwa tayari upesi. Hatari ni kuitoa katika chumba chenye kiyoyozi, ambapo lenzi baridi hukutana na hewa nzito ya nje ikafunikwa na ukungu wote. Usiifute kwa kanga. Iache ijikaushe, kisha uendelee. Na usielekeze darubini juu ya paa la mabati au sakafu ya saruji iliyopigwa jua mchana kutwa, kwa sababu joto linalopanda kutoka hapo hucheza mbele ya picha mpaka saa nne za usiku.

Mirihi nimeiacha mwisho kwa kuwa inahitaji kungojewa. Huwa karibu nasi kila baada ya miezi 26 hivi, na nje ya majuma hayo machache ni nukta ya rangi ya chungwa isiyo na la kuonyesha kwa darubini ndogo. Itatukabili tena Februari 2027, si kwa ukaribu mkubwa kama ule unaotarajiwa mwaka 2035, lakini mwezi huohuo Mshtarii nayo itakuwa mkabala na jua, na zote mbili zitakuwa katika buruji la Asadi, jirani kwa jirani. Hapa Malindi zitapita upande wa kaskazini wa utosi kwenye kimo cha nyuzi 70 hivi, kimo ambacho stendi ndogo hukimudu bila taabu, na utakuwa msimu wa kaskazi, ambapo anga huwa safi kwa siku nyingi mfululizo. Anayekusudia kununua darubini bado ana nafasi ya kuizoea kwa Mwezi na Zohali kabla ya wakati huo kufika.